Jani na Mwanga Wake

Hapana kiumbe kiishicho juu ya ardhi kisichodaiwa na jua. Chakula tulacho kilikuwa mwanga kabla hakijawa unga; kuni tuwashazo ni mwanga uliowekwa akiba katika mti; hata maziwa tunywayo yalipita katika jani la nyasi kabla ya kufika katika kibuyu. Lakini jua hilo hilo litulishalo ndilo liunguzalo. Mwenye kutembea bila kofia mchana wa kaskazi alijua hilo tangu zamani, na mche uliotolewa ghafula kitaluni walijua zaidi. Mwanga, basi, ni kama mvua: uchache wake ni njaa, na wingi wake ni gharika.

Mnyama akichomwa na jua huondoka akaenda kivulini. Mmea hauna miguu. Mbegu ilipoangukia ndipo itakapoota, ndipo itakapokulia, na ndipo itakapofia. Je, kiumbe huyu asiyeweza kukimbia hujitetea kwa nini? Hujitetea kwa jani lake. Nataka kukueleza, msomaji, habari za jani hilo, jinsi linavyoumbwa na mwanga na jinsi linavyoushinda au linavyoshindwa nao. Katika majani yote ya dunia nimechagua ya jamaa moja ambayo bila shaka umekula tunda lake, ijapokuwa huenda hujapata kulisikia jina la ukoo wake.

Jamaa hiyo huitwa bromelia. Jina hilo ni ukumbusho wa Olof Bromelius, tabibu wa Sweden aliyependa elimu ya mimea, aliyefariki mwaka 1705. Ina aina zaidi ya 3,000, na zote, isipokuwa moja tu, ni wenyeji wa Amerika, tangu kusini mwa Marekani mpaka Argentina na Chile. Hiyo moja iliyobaki huota juu ya miamba ya Guinea, katika Afrika ya Magharibi, kama ndugu aliyevuka bahari akasahauliwa. Baadhi ya bromelia huota ardhini, baadhi juu ya mawe, na nyingi hukaa juu ya matawi ya miti mirefu. Hizo zikaazo mitini hazimnyonyi mwenyeji wao. Zaomba mahali pa kukaa tu, wala haziombi chakula. Iko aina moja isiyokuwa hata na mizizi ya kunywea maji, nayo huning'inia katika miti ya kusini mwa Marekani kama ndevu za mzee. Ukiitazama huwezi kuamini kwamba ni jamaa ya tunda unalolijua sana. Maana tunda hilo ni nanasi.

Naam, mnanasi ni bromelia. Christopher Columbus na mabaharia wake walilikuta nanasi mwezi wa Novemba 1493 katika kisiwa cha Guadeloupe. Baadaye Wareno walilichukua kutoka Brazil wakalieneza katika pwani za Afrika na Asia. Hata jina lake lilisafiri pamoja nalo. Watupi wa Brazil waliliita nana, Wareno wakaliita ananas, na mimi na wewe, kila tunaposema nanasi, twatamka neno la watu wa msituni ambao babu zetu hawakupata kuwaona. Leo minanasi imejaa katika mashamba makubwa ya Thika, na pwani huipanda watu chini ya minazi. Kwa hiyo huna haja ya kupanda meli kwenda kuitazama bromelia. Kamuulize mwuza matunda akupe kilemba cha majani anachokitupa.

Kabla ya kulitazama jani lenyewe, fikiri kazi lililopewa. Jani lina amri tatu, na kila moja yapingana na mwenzake. Amri ya kwanza ni kunasa mwanga, maana bila mwanga hapana sukari, na bila sukari hapana uhai. Amri ya pili ni kufungua vitundu vyake ili livute hewa ya ukaa, ambayo ndiyo tofali la kujengea sukari hiyo. Amri ya tatu ni kutunza maji. Lakini vitundu vikifunguliwa, maji hutoroka. Mwanga ukiwa mwingi kupita kazi iliyopo, ule uliozidi haukai bure. Huharibu vyombo vya ndani ya jani, kama moto mkali uunguzavyo chungu kisichokuwa na maji. Mahali penye kivuli, taabu ya jani ni kupata. Mahali penye jua, taabu yake ni kujikinga. Jani moja haliwezi kuwa hodari wa yote mawili. Hapana budi lichague, na uchaguzi huo waonekana kwa macho.

Nina bustani ndogo pwani, karibu na Malindi. Miaka michache iliyopita nilipewa machipukizi mawili yaliyokatwa katika shina la mnanasi mmoja. Yalikuwa ndugu wa tumbo moja, na tena zaidi ya ndugu, kwa kuwa chipukizi ni kipande cha mama yake. Nilipanda moja mahali peupe pasipo mti, na la pili chini ya mwembe mkubwa usiopenya jua ila kwa madoadoa. Udongo ulikuwa mmoja, na mvua ilikuwa moja. Baada ya mwaka mmoja, mgeni aliyenitembelea, mtu mwenye macho na akili, aliniuliza kwa nini nilipanda mbegu mbili mbalimbali. Hakukosa adabu kuuliza hivyo. Mnanasi wa chini ya mwembe ulikuwa na majani marefu, mepesi, ya kijani kizito kinachokaribia weusi. Mnanasi wa juani ulikuwa na majani mafupi, manene, magumu kama ukanda wa ngozi, ya kijani kilichochanganyika na umanjano, na kingoni mlikuwa na wekundu kama wa mtu aliyetafuna tambuu. Damu ilikuwa moja. Mwanga ndio uliokuwa mbalimbali.

Sababu ya tofauti hiyo si siri. Mvuvi wa mahali pa samaki haba hutandaza wavu mpana, na uzi wake huwa mwembamba, maana hapana kitu cha kuukata. Mvuvi wa mahali pa samaki wengi wenye nguvu hutumia wavu mdogo, wenye uzi mnene, la sivyo utapasuka. Jani la kivulini ni wavu wa kwanza. Hujitandaza ili kila punje ya mwanga inayopita iangukie juu yake. Hujitia rangi ya kijani kwa wingi, kwa sababu rangi hiyo, iitwayo klorofili, ndiyo mtego wenyewe. Tena hujifanya jepesi, kwa kuwa tabaka za chini za jani nene zingekaa gizani, zikila bila ya kufanya kazi, na nyumba maskini haiwezi kulisha wavivu. Jani la juani ni wavu wa pili. Hupunguza klorofili, kwa kuwa halitaki kunasa zaidi ya linavyoweza kutumia. Hujiongeza unene, maana mwanga ni mwingi hata wafika tabaka za ndani zikapata kazi. Na wekundu ule nilioutaja ni kama mwavuli, hupunguza ukali wa jua kabla haujafika penye mitambo ya jani.

Sasa chukua wembe, kwa uangalifu na mbele ya mwalimu wako, ulikate jani la mnanasi kwa mapana, kisha ulitazame mkato wake. Upande wa juu utaona tabaka isiyokuwa na rangi, yenye kung'aa kama utando wa dafu changa. Hilo ni ghala la maji. Chini ya ghala ndipo ilipo nyama ya kijani ifanyayo kazi ya kupika sukari. Katika jani lililokulia juani ghala hilo aghalabu huwa nene, maana jua na kiu ni marafiki wasioachana. Geuza jani utazame mgongo wake. Utaona weupe kama wa unga. Weupe huo ni vigamba vidogo sana vilivyofunika mifereji, na ndani ya mifereji hiyo ndimo vilimo vitundu vya kuvutia hewa, vimejificha upepo usivipate.

Vigamba hivyo ni fahari ya ukoo wa bromelia. Kila kimoja kina umbo la ngao ndogo, na katika aina nyingi kina kazi mbili. Likinyesha tone la mvua, hulinywa na kulipitisha ndani ya jani. Kwa hiyo ziko bromelia zinywazo kwa majani badala ya mizizi. Jua likiwaka, vigamba vikavu hurudisha sehemu ya mwanga kama bati jipya la nyumba. Aina za bromelia zikaazo katika jua kali kabisa zimevikwa vigamba hivi mwili mzima hata zaonekana za rangi ya fedha. Ukizimwagia maji hugeuka za kijani mbele ya macho yako, kwa sababu kigamba kilicholowa hupitisha mwanga. Aina zikaazo katika kivuli kizito hazina vigamba vingi vya kuonekana; majani yao ni laini na matupu, kwa kuwa hapana tajiri wa mwanga huko hata atake kuurudisha.

Iko na hila nyingine, nayo si ya umbo bali ya saa. Mnanasi, kama jamaa zake wengi wakaao mahali pakavu, hufungua vitundu vyake usiku, wakati hewa ni baridi na maji hayatoroki kwa haraka. Huvuta hewa ya ukaa gizani na kuiweka akiba kwa namna ya asidi. Kukicha hufunga milango, na mchana kutwa, jua likiwaka, hutengeneza sukari kwa hewa ile iliyokusanywa usiku. Kwa hiyo asubuhi jani huwa na asidi nyingi, na jioni huwa na kidogo. Jambo hili lilielezwa mwaka 1815 na Benjamin Heyne, aliyekuwa akikaa Bara Hindi, baada ya kuonja majani ya mmea mwingine wenye majani manene. Asubuhi aliyaona makali, adhuhuri hayakuwa na ladha, na jioni yalikuwa na uchungu kidogo. Wewe usimwige katika kuonja. Majani mengi yana sumu, na elimu ya leo ina njia za kupima asidi bila ya kuutia hatarini ulimi.

Mpaka hapa huenda ukaniuliza, na una haki ya kuuliza: habari hizi za unene wa jani na vigamba zamfaa nini mtu mwenye shida za dunia? Nitakujibu kwa kisa cha kisiwa kimoja, ambako kujua jani gani lapenda mwanga gani kulikuwa jambo la uzima na mauti.

Karibu na pwani ya Venezuela kipo kisiwa kiitwacho Trinidad. Katika miaka ya 1940, malaria iliwatesa sana watu wa kisiwa hicho, hasa katika mashamba ya kakao. Sisi tumezoea kumtafuta mbu wa malaria katika madimbwi na vinamasi. Huko kufukia madimbwi hakukuweza kuwa dawa kamili, kwa sababu mbu mmoja aliyekuwa akieneza maradhi hayo, aitwaye kwa lugha ya wataalamu Anopheles bellator, hatagi ardhini. Hutaga juu ya miti. Utashangaa, kwa kuwa mti hauna ziwa. Lakini kumbuka bromelia. Aina zake nyingi zina majani yaliyoshikana chini kama vidole vya viganja vilivyokutanishwa, na mvua ikinyesha hujaa maji katikati. Kila mmea ni birika dogo lililoangikwa juu ya tawi. Ndani ya birika hilo huishi vyura, wadudu, na viluwiluwi vya mbu.

Mtaalamu mmoja kijana, Colin Pittendrigh, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1918, alitumwa Trinidad wakati wa vita kuu ya pili ya dunia ili achunguze maradhi hayo. Alitambua kwamba hawezi kumjua mbu asipolijua birika, wala hawezi kulijua birika asipoujua mwanga. Akaitazama miti kama nyumba ya ghorofa. Paani hupiga jua lote. Sakafuni, katika msitu mnene, hufika sehemu 1 au 2 tu katika 100 za mwanga uangukao juu. Akaona ya kuwa bromelia hazikujipanga ovyo ovyo katika ghorofa hizo. Akazigawa mafungu matatu: zitakazo kuwa wazi kabisa juani, zipendazo jua la wastani, na zivumiliazo kivuli. Kila fungu lilikuwa na majani yake. Aliyezoea kuyatazama aliweza kukisia, kwa unene, rangi na vigamba, mmea ulikotoka. Habari hizo Pittendrigh alizichapisha mwaka 1948.

Sasa tazama jinsi kilimo kilivyoingia katika hesabu hiyo. Mkakao haupendi jua kali, kwa hiyo wakulima walipanda juu yake miti ya kivuli. Mti waliouchagua ni jamaa ya ule ambao Wakikuyu huuita muhuti, wenye maua mekundu kama makaa ya moto. Miti hiyo hupukutika majani wakati wa kiangazi, jua likapenya matawini. Kwa bromelia zenye mabirika hiyo ilikuwa karamu, maana zilipata mahali pa kukaa na mwanga wa kuzitosha. Zikajaa. Mbu wakajaa ndani yake, juu ya vichwa vya vibarua waliokuwa wakichuma kakao. Watu hawakupanda maradhi kwa makusudi; walipanda kivuli, na kivuli chenye matundu kikaleta majani, majani yakaleta maji, maji yakaleta mbu. Ilipofahamika hivyo, bromelia ziling'olewa kwa mikono na kunyunyiziwa mrututu katika mashamba, pamoja na hatua nyingine za kumpiga vita mbu. Na mwaka 1965 Trinidad na Tobago ilihesabiwa kuwa imeepukana na malaria. Wewe uliyezaliwa katika nchi ambamo malaria bado yaua watoto hutasema kwamba elimu ya jani ni elimu ya mchezo.

Pittendrigh hakuishia hapo. Aliuliza swali la pili, ambalo mwanafunzi mwema angeliuliza pia: bromelia zilipandaje mitini hapo mwanzo? Zamani, mwaka 1888, Mjerumani Andreas Schimper alifikiri kwamba mababu wa mimea hiyo walikuwa wakikaa katika giza la sakafu ya msitu, wakapanda kidogo kidogo kuutafuta mwanga. Pittendrigh alifikiri kinyume. Tawi la mti, alivyoliona, ni jangwa dogo. Mvua hupiga ikapita, na baada ya saa moja pamekauka. Basi awezaye kukaa tawini ni yule aliyekwisha kufundishwa na jangwa la kweli, mwenye vigamba, ghala la maji, na milango ya usiku. Kwa rai yake, bromelia zilitoka katika nchi kavu zenye jua, zikapanda juu ya miti, na baadhi yao ndizo zilizoshuka baadaye kujifunza kuvumilia kivuli. Sikupi hukumu ya mashindano hayo. Nataka uone tu kwamba watu wawili walitazama majani yale yale, na kila mmoja alisoma ndani yake historia ya safari ndefu.

Baada ya safari hiyo ya mbali, turudi shambani kwetu, kwa sababu liko jambo ambalo jani haliwezi, na mkulima asiyelijua hupata hasara. Jirani yangu mmoja alikuwa na minanasi mingi chini ya miembe, nayo ilistawi kwa rangi ya kijani kizito. Alitumaini kuyauza matunda yake kwa ajili ya karo ya binti yake. Mwaka mmoja, katika Januari, mwezi wa kaskazi usio na huruma, aliyakata matawi ya miembe yote kwa siku mbili, akauza kuni. Haikupita wiki mbili majani ya minanasi yakaingia mabaka meupe. Mabaka yakageuka ya kahawia, yakakauka kama karatasi iliyosogezwa karibu na taa. Mmoja alimwambia kwamba mbegu yake ilikuwa dhaifu. Mwingine alimwambia kwamba udongo umechoka. Yeye mwenyewe alishika jembe kwenda kuing'oa yote.

Alipita mzee mmoja mkulima, akainama, akapanua majani ya katikati ya mnanasi kwa vidole viwili. "Mwanangu," alisema, "umetazama nje tu. Jani limekufa, mnanasi haujafa. Tazama moyo wake." Moyoni mlikuwa na majani machanga, meupe kwa chini, mazima. Jirani yangu aliweka jembe, akalaza makuti juu ya minanasi yake, na kila baada ya siku chache akapunguza kuti moja moja. Masika yalipofika majani mapya yalitoka, mafupi, manene, yenye umanjano, majani ya juani. Matunda yalichelewa sana, na karo ya mwaka ule ililipwa kwa kuuzwa mbuzi wawili. Hasara ilikuwa hasara. Lakini shamba lilibaki, na mwaka wa pili lilizaa.

Sababu ya mambo hayo ni hii. Unene wa jani na idadi ya tabaka zake huamuliwa wakati jani lingali changa, limefichwa moyoni mwa mmea. Likisha kukomaa, laweza kupunguza au kuongeza rangi yake kidogo, lakini haliwezi kujijenga upya. Lililolelewa kivulini, likitupwa ghafula juani, hunasa mwanga kwa pupa ya njaa yake ya zamani, likanasa zaidi ya linavyoweza kutumia, likaungua kwa shibe. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na jani ni samaki wa namna hiyo. Lakini mmea una bahati ambayo jani halina: siku zote unayo sehemu moja iliyo mbichi. Mradi moyo haujaoza, mmea waweza kuandika barua mpya kwa mwanga mpya. Unachohitaji ni muda, na mtu asiyeshika jembe haraka. Ndiyo maana watunzao vitalu vya kahawa na vya miti hawatoi miche kivulini kuipeleka mashambani kwa siku moja. Hupunguza kivuli kidogo kidogo, mpaka majani mapya yamekwisha kulijua jua.

Nisingependa uyaamini haya kwa kuwa yameandikwa kitabuni. Tafuta vilemba viwili vya mananasi, uviache vikauke siku chache, kisha uvipande katika mikebe miwili yenye udongo wa namna moja. Weka mmoja barazani, mahali usipofika jua la moja kwa moja, na mwingine nje. Lakini huo wa nje uanze chini ya kivuli chepesi, uuzoeshe jua polepole. Maji uyatoe kwa kipimo kimoja. Usiyajali majani ya zamani, kwa sababu hayo ni mashahidi wa shamba lilikotoka nanasi. Subiri majani mapya. Huenda ukasubiri miezi kadhaa, na subira hiyo ni sehemu ya somo. Kisha pima urefu kwa rula, bonyeza unene kwa vidole, linganisha rangi, na uandike kila kitu kwa tarehe yake. Ukiona jambo lisilopatana na niliyoyasema, usilifute daftarini ili kunipendeza. Liandike vile vile ulivyoliona.

Katika kuyatazama majani kwa miaka kadhaa nimepata desturi moja ambayo naiona njema, nami nakuachia ukipenda kuichukua. Ninapokuta mmea wenye majani mepesi na marefu, sisemi tena kwamba ni dhaifu. Na ninapokuta wenye majani mafupi ya manjano, sisemi kwamba ni mgonjwa. Kwanza natazama juu kuona mwanga watoka wapi, na ni kiasi gani. Mara nyingi nilichodhani ni kasoro ya mmea huwa ni jibu lake, na jibu hilo ni sahihi kwa swali uliloulizwa na mahali pake.

Utaishi na watu kuliko utakavyoishi na mimea. Darasani mwako yuko aliyesoma kwa taa ya umeme tangu utotoni, na yuko aliyesoma kwa kibatari. Yuko aliyezoea kusemeshwa na wakubwa, na yuko aliyezoea kunyamaza mbele yao. Tofauti zao waziona, na ni rahisi kuzipa majina ya akili na ujinga. Mtu si jani, maana ana miguu ya kuondokea na ulimi wa kusimulia alikotoka. Basi, kabla hujampa mwenzako jina, muulize ametoka wapi, na umsikilize mpaka amalize.